Padre hakuvuka ziwa peke yake: kwa mnaoanza dawati la historia

Rasimu zenu za makala ya Baraga, padre Mslovenia aliyekuwa mmisionari kwenye maziwa makuu ya Amerika karne ya 19, nimezipata. Nimezisoma usiku, na kwa sababu nawapenda sikuzijibu usiku uleule. Karibu zote zinaanza na "alizaliwa katika familia ya kidini na tangu utotoni alionyesha dalili za wito". Karibu zote zinafika aya ya tatu zikiwa zimeshaleta nuru gizani. Moja imemkalisha chini ya mwembe akifundisha katekisimu. Mwembe, jamani, kando ya Ziwa Superior, ambako majira ya baridi bandari huziba kwa barafu! Mwembe huo najua ulikotoka. Umekopiwa kutoka makala ya mwaka jana ya padre mwingine, wa huku kwetu, na aliyekopi hakukumbuka kung'oa mti.

Basi kabla sijazirudisha, someni haya. Walionitangulia waliniambia sehemu yake, sikusikia. Nanyi hamtasikia yote, lakini tutakuwa tumeambiana.

1. Anzeni na nchi. Utoto mtakatifu unaweza kungoja.

Friderik Baraga alizaliwa tarehe 29 Juni 1797 Mala vas, karibu na Dobrnič, katika Carniola, chini ya utawala wa Vienna. Slovenia kama dola haikuwepo kwenye ramani yoyote. "Alizaliwa nchini Slovenia" kwangu haipiti. Andikeni "katika Slovenia ya leo" tuendelee. Mama yake alifariki 1808, baba 1812, na katikati ya misiba hiyo majeshi ya Napoleon yakatwaa Ljubljana na kuifanya makao makuu ya Majimbo ya Iliria, kuanzia 1809 hadi 1813. Kijana huyu alisoma shule katika mji huo. Kijerumani alikuwa nacho, Kislovenia alikuwa nacho, na Kifaransa kikaongezeka. Hamkukitaja Kifaransa hata mmoja wenu, ilhali ndicho kilichomfaa miaka ishirini baadaye kwa wafanyabiashara wa manyoya na wake zao na watoto wao, kwenye yale maziwa makuu mengine, ya Amerika.

Akaenda Vienna kusomea sheria, 1816 hadi 1821, na huko akawa anaungama kwa Klemens Maria Hofbauer, padre wa shirika la Waredemptoristi. Hapo ndipo safari ilipogeuka. Akavunja uchumba, akamwachia dada yake Amalija urithi wa nyumba na mashamba, akaingia seminari, akapewa upadre Ljubljana tarehe 21 Septemba 1823. Uchumba mmeushangilia ukurasa mzima. Sentensi moja inatosha. Mashamba ndiyo yaliyostahili aya, maana mtu aliyesomea sheria alijua vizuri anasaini nini.

2. Jueni barua iliandikiwa nani.

Hii ndiyo namba niliyokaa kuandika. Nyingine ni za kusindikiza.

Mwaka 1829 ilianzishwa Vienna taasisi ya kusaidia misheni za Amerika, ikapewa jina la Leopoldina, binti wa Kaisari wa Austria aliyeolewa akawa mke wa Kaisari wa Brazili. Mwanachama alitoa kreuzer moja kwa juma, sarafu ndogo. Lyon, Ufaransa, walikuwa wametangulia na chama cha namna hiyo tangu 1822, kwa kazi ya Pauline Jaricot, na mnaijua kwa sababu kila Oktoba mnapitisha bahasha zake kanisani. Sasa jiulizeni: mwenye duka wa Vienna anaendelea kutoa kreuzer yake kwa nini? Kwa sababu anasomewa barua. Taasisi ilikuwa ikichapisha ripoti zenye barua za wamisionari, na Baraga alikuwa miongoni mwa waandishi wake hodari. Barua hizo ni za kweli, za ibada, zinagusa moyo. Ni barua za kuomba pia. Ukisahau hilo unageuka karani wa kuchangisha fedha za mwaka 1832.

Hapa nisimulie langu, maana mnaniona kama nilizaliwa najua.

Miaka ya mwanzo nilipewa kazi ya kijitabu cha jubilei ya parokia moja kongwe. Padre mwanzilishi alikuwa Mzungu mwenye ndevu hadi kifuani, na picha yake ilikuwa sakristia juu ya kabati la kanzu. Nikapata nakala za barua alizowaandikia wafadhili wa kwao. Nikaona nimeokota dhahabu. Barua zilisema alifika akakuta pori, mtu wa kufanya ishara ya msalaba hayupo. Akajenga, akabatiza, akazika. Nikaandika hivyohivyo, nikaongeza na vionjo vyangu: "kwa mikono yake miwili". Baba Paroko alisoma prufu akatokwa machozi. Mchapaji akachapa. Siku ya jubilei vijitabu viliuzwa mlangoni kwaya ikiimba, vikaisha kabla ya mahubiri, nami nikatembea uwanjani kifua mbele.

Baada ya Misa akaniita mzee mmoja aliyekaa kwenye kivuli cha mnara wa kengele.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyeandika hiki?"

Nikasema ndiye, na nikatoa kalamu mfukoni, nikidhani anataka sahihi. Akafungua ukurasa wa picha. Picha hiyo mnaijua, iko katika kila parokia ya zamani: padre amekaa kitini, pembeni wamesimama wanaume wawili wenye kanzu nyeupe, mmoja ameshika kitabu. Chini nilikuwa nimeandika "Padre na watumishi wake". Mzee akaweka kidole juu ya yule mwenye kitabu.

"Huyu ni baba yangu. Alikuwa akisalisha watu hapa kabla padre hajaja. Ndiye aliyefunga safari kwenda kumwita. Hakuwa mtumishi wa mtu."

Hakufoka. Afadhali angefoka.

Jumatatu ikaniuma zaidi. Nilikwenda ofisi ya parokia kumwomba katibu daftari la kwanza la ubatizo. Lilikuwa kabatini, na kabati ni lilelile nililoegemea mgongo siku zote nilipokuwa nikisoma barua za padre. Safu zake mnazijua: namba, tarehe, jina, wazazi, msimamizi, mbatizaji. Kwenye safu ya msimamizi jina la baba wa yule mzee lilishuka kutoka juu ya ukurasa hadi chini, likaendelea ukurasa uliofuata, na uliofuata, kwa mwandiko wa padre mwenyewe, wino umegeuka rangi ya chai. Mahali pengine padre alichoka kuliandika zima, akaandika herufi mbili za mwanzo na nukta. Yaani mtu huyu alikuwepo kiasi kwamba hata kumwandika kulichosha mkono! Padre hakumficha. Kwa wafadhili aliandika kile kitakachofungua mikoba, na kwenye daftari aliandika kilichotokea, na vyote viwili vilikuwa mezani kwangu. Nikachukua cha kwanza kwa sababu kilikuja na sentensi tamu zilizokwisha kupangwa. Cha pili kilitaka nihesabu majina, na mimi sikutaka kuhesabu, nilitaka kuliza watu.

Tukachapa vipande vya masahihisho. Vijitabu vilikuwa vimeshauzwa, kwa hiyo Jumapili zilizofuata nilisimama mlangoni na chupa ya gundi, nikiwaomba waamini waniletee nakala zao nibandike. Wengi walidhani ni mchango mwingine, wakatokea mlango wa pembeni. Mzee alikuja na chake. Nilibandika mbele ya macho yake, mkono ukitetemeka, gundi ikavuja juu ya miguu ya padre. Akaipangusa kwa kidole gumba, akasema haidhuru.

Nakala ambazo hazikurudi ni nyingi kuliko zilizorudi. Bado zipo majumbani, na mmojawenu amenukuu mojawapo mwezi uliopita. Ukurasa wa nne. Nilipoona ile "mikono yake miwili" nililazimika kutoka nje kidogo.

3. Walikuwepo watu.

Sasa rudini kwa Baraga. Alifika New York mkesha wa mwaka mpya, 31 Desemba 1830, akapita Cincinnati kwa Askofu Edward Fenwick, na tarehe 28 Mei 1831 akafika Arbre Croche, kaskazini mwa Michigan, kwa Waotawa, wenyeji wa huko. Rasimu zenu zote zinasema alikuta giza. Alikuta kanisa. Alikuta shule. Vilijengwa wakati wa Padre Pierre Dejean, Mfaransa aliyefika huko 1829. Kabla ya Dejean alikuwepo Jean-Baptiste Assiginack, Mwotawa, ambaye alikuwa akiwasalisha na kuwafundisha wenzake bila padre. Mnamjua mtu wa namna hiyo. Tunamwita katekista, na tunamlipa kwa kumshukuru kwenye ukurasa wa mwisho. Na mwaka 1823 wazee wa Arbre Croche walikuwa wamewaandikia watawala wa Marekani kuomba waletewe padre wa kikatoliki, wakikumbusha Wayesuiti waliowahi kukaa na mababu zao. Mwaka 1823, Baraga alikuwa anavikwa stola kwa mara ya kwanza Ljubljana.

Kwa hiyo nani alimwita nani? Hilo ndilo swali la makala yenu, na limekaa bila kuguswa.

Hata lugha alianza kuipata kabla hajafika. Kule Cincinnati alikaa na kijana wa Kiotawa aliyekuwa akisoma seminari. Vijana wawili wa Arbre Croche, William Maccodabinasse na Augustin Hamelin, walipelekwa hadi Roma kusomea upadre; William alifia huko 1833. Nduguye, Andrew Blackbird, alikuja kuandika historia ya watu wao, ikachapwa 1887. Msomeni huyo pamoja na barua za Vienna, mkiweka hiki upande huu na zile upande ule.

Na nisieleweke vibaya: Baraga aliwasifu Wakristo aliowakuta Arbre Croche, tena kwa furaha kubwa. Giza mmelileta ninyi.

4. Anayepiga kasia aandikwe.

Hadithi ya msalaba mmeipenda, nami naipenda. Mwaka 1846 Baraga alitaka kufika Grand Portage, ng'ambo ya Ziwa Superior, na badala ya kuambaa pwani wakakata ziwa moja kwa moja kwa mtumbwi. Anayedhani ni kijiziwa akumbuke kwamba Superior ni kubwa kuliko Viktoria, na maji yake ni ya baridi ya kuua. Dhoruba ikawakamata. Wakaponea kwenye mdomo wa mto, ufukwe wa Minnesota ya leo, wakasimamisha msalaba wa mti. Leo pana msalaba wa mawe.

Mmeandika "Baraga alivuka". Aliyekuwa mtumbwini naye, akipambana na mawimbi wakati padre anasali, alikuwa Louis Gaudin. Jina lake linajulikana, limeandikwa, halihitaji utafiti. Herufi kumi na moja tu, na bado mmebania nafasi! Anayewahi kuvuka kwenda Ukerewe siku ya upepo anajua ni nani hasa unayemtazama usoni mawimbi yanapoanza.

5. Theluji si pambo.

Wanamwita padre wa viatu vya theluji, na ninyi mkaweka picha ya buti. Ni fremu ya mti iliyopindwa, katikati imesukwa kamba za ngozi mbichi, unaifunga chini ya mguu ili uzito wako utawanyike usizame. Unatembea miguu imepanuka, na siku za kwanza misuli ya mguu inavimba hadi unalia. Vifaa hivyo ni vya wenyeji, na njia pia, na namna ya kulala porini kwenye matawi ya misonobari kando ya moto. Padre Lovrenc Lavtižar, Mslovenia mwenzake, aliganda kwa baridi akafa kwenye barafu ya Red Lake, Minnesota, Desemba 1858. Kwa hiyo mkiandika "alistahimili hali ya hewa" nitafuta.

6. Vitabu vyake vifungueni, hata kama hamsomi lugha.

Hapa ndipo nilipotarajia mng'ae, maana nyote ni watu wa maandishi, na mmepita kama basi la usiku kwenye kituo kidogo. "Aliandika vitabu kadhaa vya dini." Vitabu kadhaa!

Kabla hajaondoka Ulaya alikuwa ameshatoa Dušna paša, 1830, kitabu cha sala kwa Kislovenia kilichorudiwa kuchapwa miaka mingi baada ya yeye kuondoka. Alikiandika akiwa padre msaidizi wa Metlika, baada ya kuhamishwa kutoka Šmartin karibu na Kranj, ambako foleni ya kitubio chake ilikuwa imewachosha mapadre jirani. Wengi wa makleri wa jimbo lile walikuwa wakali wa Kijanseni, watu wa kunyima maondoleo na kutilia shaka ibada za Moyo Mtakatifu, na huyu kijana alikuwa akiwapokea wote. Mnaofanya kazi katika ofisi za kanisa mnajua uhamisho wa namna hiyo unavyoandikwa kwa adabu.

Halafu Amerika. Mwaka mmoja tu baada ya kufika Arbre Croche, 1832, yuko Detroit akichapisha kitabu cha sala na katekisimu kwa Kiotawa. Mwaka huo ulikuwa wa kipindupindu. Septemba hiyohiyo kikamwua Padre Gabriel Richard, yule aliyeleta mtambo wa uchapaji Detroit, na kikamwua Askofu Fenwick. Baraga akabaki na kitabu mkononi, askofu hana. 1837 yuko Paris na Ljubljana akichapisha tena, maana kule kwenye ziwa mtambo haukuwepo. Mwaka 1850 sarufi ya Kiojibwe, lugha ya wenyeji wa Ziwa Superior, Detroit, kurasa zaidi ya 500. Mwaka 1853 kamusi, Cincinnati, kurasa zaidi ya 600, pande zote mbili, Kiojibwe kwa Kiingereza na Kiingereza kwa Kiojibwe. Ametoka Kislovenia, akapita Kijerumani, Kilatini na Kifaransa, na kamusi anaiandika kwa Kiingereza, lugha aliyojifunza ukubwani, ili kueleza nyingine aliyojifunza ukubwani.

Mwaka huohuo wa 1850 Krapf, mmisionari wa Rabai karibu na Mombasa, alikuwa na muhtasari wake wa Kiswahili ukichapwa Tübingen, Ujerumani. Kamusi yake ilitoka 1882, yeye ameshakufa mwaka uliotangulia. Baraga aliiona yake ikitoka mtamboni. Muwaandike pamoja siku moja, mtu akipata nafasi.

Sarufi ile mngeifungua mngejisikia nyumbani. Nomino zinagawanywa zenye uhai na zisizo na uhai, na kitenzi lazima kiitike. Mzungu aliyezoea Kijerumani hapo anatoa jasho; sisi tungeuliza tu ngeli ni ngapi. Waojibwe wenyewe wanaorejesha lugha yao bado wanaifungua kamusi hiyo, wakirekebisha tahajia, kwa kuwa hakuonyesha sawasawa urefu wa irabu. Kitabu cha sala kinaweza kuwa chake. Kamusi haiwezi kuwa ya mtu mmoja; kila ukurasa kuna mtu alikaa mahali akarudia kusema hadi padre akasikia.

7. Mambo ya haraka, muyabandike ukutani.

Si Mtakatifu wala Mwenyeheri: Papa Benedikto XVI aliidhinisha tangazo la fadhila zake za kishujaa tarehe 10 Mei 2012, na hapo ndipo kesi ya kumtangaza mtakatifu ilipofika.

Hakuwa "Askofu wa Marquette" mwaka 1853. Tarehe 1 Novemba mwaka huo aliwekwa wakfu Cincinnati kuwa vikari wa kitume wa Upper Michigan, akakaa Sault Ste. Marie, akahamia Marquette 1866.

Waotawa na Waojibwe wana majina, waacheni "Wahindi Wekundu" kwenye vitabu vya shule vya zamani.

Dobrnič ina kialama juu ya c. Mkishindwa kukiweka niambieni, msikifute kimyakimya.

8. Msimpake mafuta.

Grand River, ilipo Grand Rapids ya leo, alikaa 1833 hadi 1835. Aligombana na wauza pombe, na hapo nipo upande wake. Aligombana na Wabaptisti waliomtangulia, na hapo ninakuna kichwa. Kuhusu dini ya wenyeji aliandika kama Mzungu wa karne yake, kwamba ni ushirikina wa kufagiliwa. Yaandikeni. Yaandikeni pia ya L'Anse, ambako kuanzia 1843 alijenga nyumba na kununua ardhi ili Waojibwe wasisukumwe magharibi. Mtu huyohuyo, barua zilezile. Kijana mmoja ameniuliza kama tukiandika hivi hatutaharibu kesi yake Roma. Mwanangu, wenye kesi wamesoma shajara yake yote. Wewe umesoma ukurasa mmoja wa intaneti.

9. Shajara inachosha, isomeni hivyohivyo.

Shajara yake, kuanzia 1852 hadi 1863, ina hali ya hewa, meli iliyochelewa, padre aliyeomba kuondoka, fedha zilizokuja, upepo tena. Mnatafuta maono, mnakuta ratiba ya stima. Lakini kaeni nayo jioni chache mtaona kitu: jimbo zima linangoja maji yayeyuke. Barafu ikiondoka, barua zinafika, na unga, na divai ya Misa, na mapadre wapya kama wapo. Na humo katikati mtaona masikio yake yanaanza kumtupa mkono, jambo zito kwa mtu ambaye sifa yake tangu Šmartin ilikuwa kitubio. Hakuna aliyelitaja hilo. Wote mmekimbilia kitanda cha mauti.

Kitanda chenyewe: alipata kiharusi Baltimore, Oktoba 1866, wakati wa mkutano mkuu wa maaskofu, akasisitiza arudishwe Marquette, akafa 19 Januari 1868. Walioandika kwamba malaika waliimba, naomba jina la shahidi.

10. Msiwachanganye Waslovenia.

Katika rasimu moja Baraga ameingia ghafla Khartoum. Huyo ni Ignacij Knoblehar, Mslovenia pia, ila wa 1819, amezaliwa Škocjan. Ndiye wa Mto Nile: alipanda Nile Nyeupe 1849 hadi 1850, akafungua misheni Gondokoro kwa Wabari, jirani na Juba ya leo, akawa na mashua iitwayo Stella Matutina, akafia Napoli tarehe 13 Aprili 1858 kabla hajatimiza miaka 39. Homa iliwamaliza wenzake karibu wote. Vitu alivyokusanya kwa Wabari viko makumbusho ya Ljubljana. Yeye naye alikuwa na chama cha wafadhili Vienna, kwa hiyo namba 2 inamhusu neno kwa neno. Makala yake ya mwezi ujao bado haina mwandishi, na ningependa aichukue yule wa mwembe, maana Gondokoro angalau jua lipo.

Atakayeipokea aanze na Wabari waliokuwa wakizungumza na mapadre pale mtoni. Kuna sarufi ya lugha yao iliyochapwa 1867 kutokana na madaftari ya misheni. Franc Pirc wa Minnesota mwachieni mtu mwingine, na Ignac Mrak, aliyerithi kiti cha Baraga, aende na Pirc kwenye makala moja.

Rasimu za Baraga zilizorekebishwa zije kwangu kabla ya Jumatano. Picha zije kama faili za pembeni, msizibandike ndani ya makala, na kila picha iwe na majina ya wote waliosimama kuanzia kushoto.